Mipaka ya Ukambani: Kwa Nini Mmoja Hudaiwa kwa Hati na Mwingine kwa Bunduki

Ukambani una mipaka miwili ambayo haijapoa tangu enzi za mkoloni. Mmoja uko upande wa Makueni, kuanzia Sultan Hamud na Emali hadi Mtito Andei, ambako kaunti hiyo inapakana na Kajiado na Taita Taveta. Mwingine uko mashariki mwa Kitui, kuanzia Tseikuru na Ngomeni, kupitia Ukasi, hadi Endau, Malalani na Mutha, kuelekea Tana River. Yote miwili ilichorwa na serikali moja, katika miongo ile ile, bila kuwauliza waliokuwa wakiishi pale. Leo ule wa Makueni hubishaniwa kwa ramani, barua za mawakili na hoja bungeni. Ule wa Kitui hubishaniwa kwa bunduki na mishale. Mashamba huachwa na mazao yake, shule hufungwa, na familia huzika watu wao, Wakamba kwa upande mmoja na wafugaji kwa upande wa pili.

Tofauti hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu maelezo yaliyozoeleka hayatoshi. Husemwa kwamba chanzo cha umwagaji damu ni mstari mbaya wa mkoloni, na kwamba ukirekebishwa amani itarudi. Kama ni hivyo, mbona mistari mibaya ya Makueni haiui? Husemwa pia kwamba mkulima na mfugaji ni maadui wa tangu asili. Mbona basi Mkamba na Mmaasai wanauziana ng'ombe Emali kila wiki? Jibu liko katika kile ambacho serikali ya mkoloni, na ya Uhuru baada yake, iliweka pande zote mbili za mstari, na kile ilichokataa kuweka.

Kabla ya ramani

Tusiipambe historia. Kabla ya Waingereza, nyika iliyo kati ya vilima vya Kitui na mto Tana haikuwa na amani ya kudumu. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe, na ni huko Kitui alikouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka 1851, wakafunga safari pamoja kuelekea Tana. Msafara ukashambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu, akitangatanga porini kwa kiu na njaa. Waorma, waliokuwa na nguvu kubwa mashariki mwa nyika hiyo hadi walipopigwa na Wasomali na Wamaasai katikati ya karne hiyo, walivamia na kuvamiwa. Wakamba vivyo hivyo.

Hata hivyo ardhi ilikuwa na utaratibu wake. Kwa Wakamba palikuwa na *ng'ũndũ*, shamba la ukoo. *Kĩsesi*, malisho yenye mwenyewe. Na nje ya hayo *weũ*, nyika isiyo na mmiliki mmoja, ambako vijana walipeleka mifugo na kupiga kambi wakati wa kiangazi. Mwisho wa eneo haukuwa mstari. Ulikuwa upana wa nchi uliotumiwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, kulingana na mvua, kisima na nguvu ya kila upande. Ugomvi ulipozuka ulikuwa juu ya maji au mifugo, na uliisha kwa fidia, kwa kiapo, au kwa upande mmoja kuhama. Hakuna aliyepigania ramani, kwa kuwa ramani haikuwepo.

Mstari wa kutenganisha watu

Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki mwaka 1895, iliigawa katika majimbo ya Seyidie, Ukamba, Tanaland na Jubaland. Mpaka wa Kitui na Tana River wa leo ni mjukuu wa mpaka kati ya Ukamba na Tanaland. Waliouweka walikuwa na maofisa wachache na nyika kubwa isiyo na barabara. Walichokitaka ni kujua nani anatozwa kodi na boma lipi, na nani anaruhusiwa kuwa wapi.

Upande wa mashariki, swali hilo la pili lilizaa sheria baada ya sheria. Mwaka 1902 ilitungwa sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoruhusu serikali kufunga eneo zima na kumzuia mtu kuingia au kutoka bila kibali. Kisha ukaja mstari wa Wasomali na Wagalla, jina walilopewa wakati huo Waorma na Waborana. Wasomali walitakiwa kubaki mashariki, na malisho ya magharibi yaachiwe wengine. Serikali ilikuwa na hofu yake. Mwaka 1916 wapiganaji wa Aulihan, ukoo wa Wasomali, waliivamia kambi ya Serenli huko Jubaland na kumuua ofisa Mwingereza, na kwa muda dola ikarudi nyuma. Mwaka 1925 sehemu kubwa ya Jubaland ikakabidhiwa Italia, na Wilaya ya Mpakani Kaskazini ikawa ngome ya kijeshi. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ilikaza zaidi: utawala ungeweza kukamata, kuhamisha na kutwaa mifugo ya kabila zima lililoonekana kuwa na uadui. Tana River iliwekwa chini ya sheria hiyo. Kitui haikuwekwa.

Hapa ndipo mbegu ilipopandwa. Mashariki mwa mstari, mtu alihesabiwa kwanza kama mmoja wa kabila lake, akaadhibiwa pamoja nalo kwa kosa la mwenzake na kutembea kwa kibali. Magharibi mwa mstari kulikuwa na machifu, kodi ya kibanda, shule za misheni na mahakama za wazee. Wakamba nao walionja adhabu za pamoja, lakini hawakufungiwa nchi yao kama kambi. Kwa hiyo mstari ulitenganisha aina mbili za raia wa baadaye kabla ya kutenganisha malisho, na jirani akajifunza kumwona jirani yake kama mtu anayezuiwa na bunduki ya serikali, asiye wa kuketi naye wakaelewana.

Ukambani ulivyobanwa

Magharibi na kusini, Wakamba wenyewe ndio waliobanwa. Mashamba ya walowezi yalichukua tambarare za Machakos. Mkataba wa mwaka 1911 uliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia na kuwarundika kusini, na reli ikawa ukingo kati ya nchi yao na ya Wakamba. Mwaka 1926 mipaka ya rizavu za Waafrika ilitangazwa rasmi. Uwanda wa Yatta, uliokuwa malisho muhimu ya kiangazi, ukahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza, na aliyeingiza ng'ombe huko bila ruhusa akawa mvamizi katika *weũ* wa babu zake.

Matokeo yalijulikana mapema. Mifugo ilijazana ndani ya rizavu, udongo ukachukuliwa na mvua, na serikali badala ya kufungua malisho ikaamua kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wa Machakos walitwaliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Maelfu ya Wakamba wakaandamana hadi Nairobi, wakapiga kambi wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu, lakini serikali ikalazimika kurudi nyuma. Kisa hiki hukumbukwa kama ushujaa wa kisiasa, na ni haki. Ila ni kisa cha mpaka pia: watu wanaohamahama kufuata mvua walipozungushiwa mstari, ardhi ilichoka, na lawama wakatupiwa wao.

Makueni ya leo ilizaliwa na shida hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilifyeka vichaka vyenye mbung'o na kuwapa Wakamba waliobanwa vilimani viwanja vilivyopimwa, vyenye masharti ya kilimo. Mwaka 1948 ikatangazwa Mbuga ya Tsavo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 wawindaji Wakamba na Wawaata walikuwa wakisakwa kama majangili katika nchi waliyoijua kwa miguu. Chyulu ikafuata kuwa mbuga mwaka 1983. Mkulima wa Kibwezi Mashariki anayeamka akakuta tembo wamemaliza mahindi yake anaishi kwenye mpaka wa kikoloni pia, ingawa jirani yake ni Shirika la Wanyamapori na wala si kabila lingine.

Uhuru ulirithi na kukaza

Tume ya mipaka ya majimbo ya mwaka 1962 ilipokea malalamiko kutoka kila pembe, lakini kwa sehemu kubwa ilipanga upya wilaya zilizokuwepo ndani ya majimbo mapya. Kitui na Machakos zikaingia Mashariki, Tana River ikaingia Pwani, Garissa ikaingia Kaskazini Mashariki. Nyika moja ya malisho ikawa chini ya wakuu watatu wa mikoa.

Kisha vikaja vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi makubaliano ya Arusha ya 1967. Wasomali wa Kenya waliotaka kujiunga na Somalia walipambana na serikali mpya, na serikali ikajibu kwa hali ya hatari, mauaji, na kuwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa dola wasishtakiwe kwa yaliyotendwa wakati huo katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kitui haimo katika orodha hiyo. Mstari ule ule wa 1934 ukawa tena ukingo wa sheria: upande mmoja raia aliweza kumshtaki askari, upande mwingine hakuweza.

Ndiyo maana nasema serikali ya Uhuru haiwezi kumtupia mkoloni mzigo wote. Ilikuwa na nafasi ya kuugeuza mpaka wa kijeshi kuwa mpaka wa majirani, ikachagua kuukaza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mzee wa Bangale, Tana River, anayekumbuka mifugo iliyopigwa risasi na serikali, na mama wa Ngomeni anayekumbuka usiku wa shifta, wote wanabeba historia moja, lakini hakuna aliyewahi kuwaketisha pamoja waisimulie.

Kwa nini upande wa Makueni hubishana kwa hati

Makueni ilipata kuwa wilaya mwaka 1992 ilipomegwa kutoka Machakos, na mipaka ya wilaya za wakati huo ndiyo iliyokuja kuwa ya kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, mstari uliokuwa wa mkuu wa wilaya ukawa wa pesa. Nani atoze ushuru wa soko, leseni ya hoteli, maegesho ya malori? Viongozi wa Taita Taveta wamedai kwa muda mrefu kwamba Mtito Andei iko upande wao. Makueni inashikilia kwamba ni yake. Sultan Hamud, mji wenye jina la mtawala wa Zanzibar wa wakati reli inajengwa, una mguu mmoja Makueni na mwingine Kajiado, kama ulivyo Emali. Konza, ulikopangwa mji wa teknolojia, imezua mvutano na Machakos.

Migogoro hii si midogo, na imewahi kuzua maandamano na maneno makali. Lakini haigeuki vita, na sababu zinaonekana kwa macho. Kuna reli tangu mwisho wa karne ya 19, barabara kuu, na tangu 2017 reli mpya yenye vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Kuna vituo vya polisi vinavyofikika. Kuna soko ambalo pande zote mbili zinalihitaji: Mmaasai anauza fahali, Mkamba anauza nyanya na maembe. Sehemu kubwa ya ardhi ina hati, kwa hiyo mpaka wa kaunti ukihama kesho, mwenye shamba ataamka akiwa na shamba lake. Atakachopoteza au kupata ni gavana tu, na kwa gavana peke yake watu hawauani.

Mashariki mwa Kitui, mpaka ni maisha yenyewe

Sasa vuka uende mashariki. Kitui ina eneo la takriban kilomita za mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa sensa ya 2019. Wengi wako katikati na magharibi. Tana River ni kubwa zaidi kwa eneo lakini ina watu 315,943 tu. Kati yao kuna mamia ya kilomita ambako barabara ni njia za mchanga, simu hupotea, na ardhi nyingi haijapimwa wala kutolewa hati. Hapa mstari ukihama, mkulima hana karatasi ya kumlinda, na mfugaji hana karatasi ya kumruhusu.

Kalenda yenyewe inawakutanisha. Mvua za kutegemewa Kitui ni za Oktoba hadi Desemba. Ndengu na kunde huvunwa Januari na Februari, wakati ule ule malisho ya Garissa na Tana River yanapokauka na ngamia kuanza kuelekea magharibi. Mwaka mzuri, wageni hufika baada ya mavuno na kuondoka mvua za Machi zikianza. Mwaka mbaya, hufika mazao yakiwa shambani. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mifugo iliyobaki ilikwenda popote penye jani bichi.

Maji nayo yana jasho ndani yake. Kwa miongo kadhaa wanakijiji wa Kitui, katika vikundi vya *mwethya*, wamejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, wakibeba mawe kwa mikono yao. Kundi la ngamia mia kadhaa likishuka hapo, mkulima haoni mgeni mwenye kiu. Anaona miaka ya kazi yake ikinywewa kwa siku chache. Naye mchungaji, mara nyingi kijana wa kuajiriwa anayelinda mali ya tajiri aliye mbali, haoni bwawa la kikundi. Anaona maji ndani ya mto, na kwake mto ni wa Mungu.

Kisha bunduki. Serikali ya Siad Barre wa Somalia ilipoanguka Januari 1991, silaha zilimwagika nyikani. Mwaka 1989, hata kabla ya hapo, mhifadhi wa simba George Adamson alikuwa ameuawa na majambazi wenye silaha huko Kora, ng'ambo tu ya mpaka wa Kitui. Uvamizi ambao zamani uliisha kwa mishale na fidia sasa humaliza familia kwa dakika chache. Wizi wa mifugo wa kupangwa hujificha nyuma ya ufugaji wa kuhama, na kulipiza kisasi hujificha nyuma ya ulinzi wa mashamba. Polisi wakifika saa nyingi baadaye, wanaandika majina ya waliokufa na kuondoka.

Tahadhari moja ni muhimu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, katika Delta ya Tana, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Hapakuwa na mpaka wa kaunti kati yao. Waligombea mashamba ya mtoni na njia za mifugo kufikia maji, chini ya kivuli cha siasa za uchaguzi. Jiwe la mpaka peke yake haliwezi kutibu ugonjwa ambao huzuka hata pasipo na mpaka.

Hoja mbili, na kasoro zake

Viongozi wa Kitui husema: wavamizi waondolewe na mpaka uheshimiwe kama ulivyo. Wanaegemea ibara ya 40 ya Katiba, inayolinda mali. Wana haki ya kudai usalama. Serikali isiyoweza kumlinda mwananchi akivuna ndengu zake imeshindwa kazi yake ya kwanza. Lakini operesheni za kufukuza zimefanywa mara nyingi, na kila kiangazi zinaanza upya, kwa sababu zinafukuza watu bila kugusa kiu iliyowaleta. Tena zinarudia dhambi ya 1934: anayeondolewa ni kabila, wakati aliyeua ni mtu mwenye jina.

Upande wa pili, viongozi wa wafugaji husema: Mkenya ana uhuru wa kwenda popote, kama isemavyo ibara ya 39, na malisho haya yalitumika kabla ya kuwepo wilaya. Wana haki kukumbusha kwamba mifugo yao ilifungiwa kwa sheria za kibaguzi. Lakini uhuru wa kutembea haumpi mtu haki ya kulisha ngamia shamba la mwenzake, na historia ya kuonewa haimkingi mwenye bunduki.

Kinachowezekana

Kwanza, mstari wenyewe uamuliwe. Ibara ya 188 inaruhusu mpaka wa kaunti kubadilishwa, lakini kwa ngazi ndefu: tume huru iliyoundwa na Bunge, theluthi mbili ya Bunge la Taifa, na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Ngazi hiyo imefanya kila mtu aogope kuipanda. Lakini kabla ya kubadilisha, kuna kazi rahisi zaidi: kupima na kuweka alama mpaka uliopo kwa mujibu wa sheria, hadharani, wazee wa pande zote wakiwepo. Maadamu ukubwa wa eneo unahesabiwa katika mgao wa fedha za kaunti, kila mwanasiasa atapenda mstari ubaki na ukungu ili aweze kuusukuma.

Pili, ardhi ipimwe na kusajiliwa, ya watu binafsi mashariki mwa Kitui na ya jamii Tana River chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Makueni imetufundisha kwamba mtu mwenye hati hahitaji kuufia mpaka wa kaunti.

Tatu, kuhama kwa mifugo kuandikiwe kanuni. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa kaskazini walikutana Modogashe wakaafikiana kwamba mfugaji anayehama aombe ruhusa ya wenyeji kabla ya kuingia, na asije na silaha. Azimio hilo lina kasoro kubwa, hasa lilipoweka fidia ya mauaji na kuithamini roho ya mwanamke nusu ya ile ya mwanamume; hilo halifai kuigwa. Lakini wazo la kuomba na kupewa njia, kwa tarehe zinazojulikana, baada ya mavuno, kwa ada inayorudi kutunza bwawa, ni wazo la jadi la pande zote mbili. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyikani mgeni hufaa tu akibisha hodi kwanza.

Nne, na bila hili mengine ni bure, mwuaji akamatwe kwa jina lake na ashtakiwe, awe mwenye bunduki ya kuchungia au mwenye upinde wa kulipiza. Tangu 1902 dola imekuwa ikiwahesabia watu wa mpaka huu makosa kwa makabila. Siku mahakama ya Kitui na ya Hola, Tana River, zitakapomhukumu mtu mmoja kwa kosa lake mwenyewe, na watu wa pande zote wakaona, hapo ndipo wilaya ile ya vibali itakapokuwa imekufa kweli.

Barabara, polisi, hati na soko ndivyo vilivyofanya mpaka wa Emali uwe wa maneno. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopandwa na maumbile. Vyote vililetwa na serikali, mahali ilipoamua kuvileta. Wakulima wa Ngomeni na wafugaji wa Bangale wamelipa kodi kwa nchi hii hii. Kinachowapasa kukidai sasa, na wakidai pamoja, ni sehemu yao.